Mayai Yaliyopotea

Wengi kati yenu mnatuuliza ni kitu gani kinachofaa kutandikwa katika visanduku vya kutagia. Tunajibu kwa kueleza yaliyotupata sisi wenyewe, hata kama yanatutia haya.

Kikundi chetu hapa Bukavu kilianza na kuku 12 na visanduku 3 vya mbao. Ndani tulitandika majani machache tuliyokata kandokando ya njia. Kila asubuhi mama wa zamu aliokota mayai na kuandika hesabu katika daftari. Makuta ya mayai yalikuwa ya masomo ya watoto.

Mwanzoni tulipata mayai 6 ao 7 kwa siku. Kisha yakawa 3, kisha 2. Wakati huo zamu ilikuwa ya mwenzetu mmoja, mjane mwenye watoto wengi. Tukaanza kunong'ona. Hakuna aliyemwambia neno usoni, lakini alisikia. Siku ya posho akaweka daftari mezani, akasema: "Wamama, mkitaka, mpeleke kuku kwa mwingine. Lakini kwanza mje mkae nami asubuhi moja."

Wawili kati yetu tukaenda jua likichomoza. Tulimwona kuku akiingia kisandukuni, akikwangua yale majani mpaka mbao ikabaki wazi, akataga, akatoka. Kuku wa pili akaingia, akalisukuma yai kwa miguu, likagonga mbao, likapasuka. Wakalila pamoja, hata ganda hawakuacha. Kuku akishaonja yai, anatafuta lingine.

Mwizi wetu alikuwa matandiko membamba. Tulimwomba mwenzetu radhi mbele ya kikundi chote. Alilia, nasi tukalia.

Kutoka hapo tulijaribu mengi. Majani mabichi yalishika unyevu wakati wa mvua, yakaota ukungu, na ukungu huharibu kifua cha kuku. Unga wa mbao ulitoa vumbi, kuku wakapiga chafya, tena ulinata kwenye mayai. Nguo kuukuu zilitoa nyuzi zilizowafunga kuku vidole. Maganda ya mpunga yanayotoka bonde la Ruzizi ni makavu na mepesi, lakini yakiwa peke yake kuku huyatawanya upesi.

Kilichotufaa zaidi ni maranda, yale mapande mepesi yanayoanguka fundi anapolainisha mbao kwa randa. Ulizeni kwanza kama mbao ina rangi ao dawa. Ikiwa nayo, acheni. Tunaweka maranda makavu kwa kimo cha vidole vinne ao zaidi, na juu yake majani ya mgomba yaliyokauka kabisa, tukiyachana vipande vidogo. Maranda yakikosa, majani hayo peke yake yanatosha, mradi yawe mengi na makavu. Mbele ya kila kisanduku tulipigilia ubao mfupi ili matandiko yasimwagike nje.

Kila asubuhi tunatoa yaliyochafuka na kuongeza mengine. Kila siku ya posho tunatoa yote, tunafagia, na kutazama katika nyufa za mbao kama kuna viroboto ao utitiri. Tukiwaona, tunapaka majivu makavu katika nyufa kabla ya kutandika upya. Matandiko ya zamani hayatupwi: tunayaacha yaoze, kisha tunayapeleka katika bustani ya lengalenga. Mayai tunaokota mara mbili kwa siku, asubuhi na mchana, yasikae yakikanyagwa.

Hatusemi kila kitu kilipona. Kuku mmoja hakuacha tabia ya kula mayai, tukamuuza. Lakini wengine waliacha, na hesabu ikarudi kuwa 6, siku nyingine 8.

Wamama, mayai yakipungua kwenu, ingizeni mkono katika kiota kabla ya kumtazama mwenzenu vibaya. Mkigusa mbao, jibu mmelipata. Maranda tuliyapata kwa fundi bila kulipa kitu, lakini maneno tuliyonong'ona yangetupotezea rafiki.

Mama yule angali anashika daftari letu. Safari hii sisi wenyewe ndio tuliomwomba.