Kabla ya Bei, Omba Kadi

Wanachuo wenzangu, ada yangu ya mwaka huu imetoka kwenye tela kuukuu. Likizo ndefu, mimi na baba mdogo tulinunua fremu iliyomezwa na nyasi, tukaifungia ekseli ya lori lililokatwa kuwa chuma chakavu.

Darasani wananiuliza, "Ekseli ya skrapa utaiaminije?" Unaikagua, jamani. Fungua habu, futa grisi, tazama pale beringi inapokaa. Ukiona rangi ya bluu, chuma kilishaungua. Ukiona ufa, usichomelee, irudishe skrapa. Ikiwa safi, ifunge, zungusha gurudumu huku umeshika chaki karibu na rimu. Chaki ikigusa upande mmoja tu, kuna kitu kimepinda. Na zile tani 10 za ekseli moja ya matairi manne ni kikomo cha barabara, si uwezo wa chuma chako.

Kazi ngumu zaidi ni karatasi. Tela nalo husajiliwa TRA kama gari, na namba ya chesisi ndiyo utambulisho wake. Kabla ya hii tuliletewa fremu nyingine, nzima kabisa, bei chee, ila namba imesagwa kwa grenda. Baba mdogo akasema, "Hiyo tukiichukua tumenunua kesi." Tukalipa zaidi kwa hii yenye kadi na mwenye kadi, tukaandikishana mkataba, ndipo tukawasha mashine ya kuchomelea.

Juzi trafiki alitusimamisha na mzigo wa mahindi. Akakagua taa, akalinganisha chesisi na kadi, akasema, "Haya, nendeni." Tukaenda.