Gatumba: hema ndiyo ilikuwa nyumba yao

Mwezi huu tunawapeleka safari fupi, bila nauli.

Ukitoka Bujumbura kwenda mpaka wa Kongo, Ziwa Tanganyika liko mkono wa kushoto na milima ya Uvira inakutazama mbele. Unavuka mto Rusizi, na kabla ya kumaliza kilomita 20 umeshafika Gatumba. Ni tambarare, joto kali, mbu nao hawana huruma. Mtu asiyejua atapita tu akiwaza mambo ya mpakani. Sisi tulishuka.

Mwezi wa 6 mwaka 2004, mapigano ya Bukavu yalifukuza maelfu ya watu wa Kivu ya Kusini. Waliofikia Gatumba wengi wao walikuwa Banyamulenge. Walipewa hema, wakasema basi, angalau tutalala. Usiku wa tarehe 13 mwezi wa 8, watu wenye silaha waliingia kambini. Waliuawa zaidi ya 150, wengi wao wanawake na watoto, wengine waliungua ndani ya hema. Kundi la FNL la Burundi lilikiri kushambulia. Wafu walizikwa hukohuko Gatumba, katika kaburi la pamoja.

Walionusurika walisimulia jambo moja gumu: washambuliaji walikuja wakipiga ngoma na kuimba nyimbo za dini.

Ndiyo sababu ibada ya kuwakumbuka si kitu chepesi. Siku ile tulipokuwepo, kwaya ilisimama ikanyamaza. Nani aanze, na wimbo gani? Aliyeanza ni mama mmoja mzee, sauti inamtetemeka. Baadaye tulimuuliza, mama, uliwezaje? Akatujibu: "Wanangu, wimbo ni wa Mungu. Wale waliuiba usiku. Sisi tunaurudisha."

Halafu majina yakasomwa, moja moja, pamoja na umri. Mtoto mchanga alitajwa sawa na mzee wa kanisa. Ilichukua muda mrefu, jua linatuchoma, lakini hakuna aliyeondoka. Sisi wa kambini tunajua kuitwa kwa namba ya kadi na namba ya hema. Wale, siku ile, waliitwa kwa majina waliyopewa na wazazi wao.

Walionusurika leo wametawanyika, hata Marekani wapo. Sandra Uwiringiyimana alikuwa na miaka 10 usiku ule, na mdogo wake Deborah aliuawa. Mwaka 2017 alitoa kitabu juu ya maisha yake, na jina la Deborah linasomwa na watu ambao hawajawahi kuiona Gatumba.

Na sisi hapa tuna wetu. Wako waliofia njiani, wako waliozikwa hapa kambini bila ndugu hata mmoja wa kumwaga udongo. Tunaomba kila familia iandike majina yao kwenye karatasi, na umri kama unajulikana, iwapatie viongozi wa makanisa kabla ya ibada ya tarehe 13 mwezi wa 8. Kama unalijua jina moja tu, leta hilo moja. Kama alikuwa jirani tu na hukujua jina lake lote, andika vile mlivyokuwa mnamwita.

Mungu awabariki, na tuonane siku hiyo.