Karani Anayekimbia

Najua ya kuwa wengi wenu mtacheka mkisoma habari hizi, maana hata majirani zangu walicheka. Mimi ni karani wa serikali, umri wangu umepita miaka thelathini, nina mke na watoto watatu, nami nimepanga nyumba Wiyoni, kisiwani Lamu. Siku tatu katika kila juma, kabla jua halijapanda, huvaa viatu vya raba nikatoka kukimbia. Sifukuzwi na mtu, wala simfukuzi mtu.

Nataka kueleza sababu yake, kwa kuwa huenda ikamfaa karani mwenzangu, na mkulima pia aliyeacha jembe akakaa dukani.

Nilizaliwa katika milima ya Taita. Nilipokuwa nikisoma katika shule ya misheni nilikwenda kwa miguu asubuhi na jioni, nikipanda na kushuka, wala sikuhesabu jambo hilo kuwa ni kazi. Kisha nikapata ukarani, na ukarani ni kiti. Baba yangu naye alikuwa karani. Siku moja alianguka mezani pake, akapooza upande mmoja wa mwili, akaishi miaka miwili akilishwa kwa kijiko kama mtoto. Sisi nyumbani tulisema ni majaliwa ya Mungu, hatukuuliza zaidi.

Katika mwaka wangu wa pili hapa Lamu niliumwa na kichwa siku nyingi, nikaenda kupimwa. Daktari akatazama chombo chake, akapima tena, akasema, “Bwana karani, una umri wa kijana na damu ya mzee.” Akanieleza ya kuwa shinikizo la damu limepanda, akanipa vidonge, akanionya juu ya chumvi. Tena akaniambia kwamba Shirika la Afya Duniani huwashauri watu wazima kutembea kwa haraka dakika 150 kwa juma angalau, au kufanya mazoezi mazito kama kukimbia kwa dakika 75. Nilirudi nyumbani nisimwambie mke wangu neno. Nilikuwa nikikumbuka kile kijiko.

Asubuhi ya kwanza nilivaa suruali fupi, nikapita mbio katika vichochoro vya mji, ambavyo ni vyembamba hata punda wawili wenye mizigo hupishana kwa shida. Barazani kwake alikuwa ameketi mzee mmoja aliyetoka kusali alfajiri. Akaniita.

“Mwanangu, kuna msiba?”

“Hakuna, Mzee.”

“Kuna moto?”

“Hapana, Mzee.”

“Basi wakimbia nini? Mwenda pole hajikwai. Na hayo mapaja yako, wayapitisha wazi mbele ya mama zetu?”

Wasomaji, niliona haya kubwa. Nilirudi nyumbani kwa mwendo wa pole sana, na juma zima sikutoka tena. Nikajiambia kwamba mimi ni mgeni, na mgeni hufuata ada za wenyeji. Lakini kwa kweli nilikuwa nimepata udhuru wa kukaa kitini.

Mke wangu ndiye aliyenitoa. Aliiona karatasi ya daktari katika mfuko wa shati alipokuwa akifua. Hakupiga kelele. Aliiweka mezani mbele yangu, akasema, “Baba Mwakio, kama wamwonea haya yule mzee kuliko unavyoyaogopa mauti, niambie, nijue la kuwaambia watoto.” Kesho yake akaninunulia suruali ndefu nyepesi.

Jioni ile nilikwenda kwa mzee nikamwomba radhi, nikamweleza habari za baba yangu tangu mwanzo mpaka mwisho. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, “Kimbia, mwanangu. Lakini hapa mjini tembea na uwaamkie watu. Ukiipita nyumba ya mwisho, kimbia utakavyo.” Nimeifuata kanuni hiyo hata leo, na sijaona iliyo bora kuliko hiyo.

Basi, ukiipita nyumba ya mwisho, kisiwa hiki kina njia nzuri ajabu. Ya kwanza ni ile ya ufukweni kutoka mji wa Lamu kwenda Shela, mwendo wa kilomita 3 hivi. Upande mmoja unayaona majahazi yakitanda tanga, na ng'ambo yake kisiwa cha Manda. Mwenye nguvu huipita Shela, akatokea kwenye ufuo mrefu unaokabili bahari kuu, wa kilomita 12 hivi. Hapo sharti uyajue maji. Yakipwa, mchanga ni mgumu kama sakafu, na mguu hauzami. Yakijaa, hasa wakati wa bamvua, utasukumwa juu kwenye mchanga laini, na hatua mia zitakuchosha kama elfu. Mara moja sikuuliza majira ya maji, nikafika ofisini saa tatu, nikajieleza mbele ya mkubwa wangu nikiwa na mchanga masikioni.

Tena usiyapande yale machuguu ya mchanga ovyo, wala usikanyage majani yake. Mvua inyeshapo huzama katika mchanga ule, na maji yake matamu huhifadhika chini. Visima vya Shela ndivyo vinavyounywesha mji wa Lamu. Kwa ajili hiyo kumekuwa na magomvi mengi juu ya watu kujenga pale. Mkimbiaji mmoja hawezi kuuharibu mlima, lakini njia huanza kwa mguu mmoja.

Njia ya pili huenda bara ya kisiwa mpaka Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi. Inapita katika mashamba ya minazi na miembe, na hapo ndipo ninapopapenda kuliko pengine pote, maana pananikumbusha kwetu. Lakini shamba ni mali ya mtu. Nimwonapo mwenyewe husimama, nikampa sabalkheri, nikamwuliza kama nina ruhusa ya kupita. Hajakataa hata mmoja. Mmoja tu alinijibu, “Pita, lakini mihogo yangu usiikimbilie.” Njia ya tatu ni ya Kipungani, magharibi ya kisiwa, ambako husukwa mikeka. Nimeifuata mara moja tu, nikarudi kwa mashua, wala sioni aibu kusema hivyo.

Mtu atasema mbio ni kazi ya watu wa Bonde la Ufa. Ni kweli kwamba Wilson Kiprugut alituletea medali ya kwanza ya Olimpiki mwaka 1964 huko Tokyo, na kwamba Eliud Kipchoge, mwaka 2019, alikimbia kilomita 42 na ushei kwa saa 1, dakika 59 na nukta 40 katika bustani ya Prater mjini Vienna. Lakini wale hukimbia ili wawatangulie wengine. Mimi nakimbia ili nisianguke mezani, na mbio za namna hiyo hazina kabila.

Sasa umepita mwaka na nusu. Damu yangu imeshuka, ingawa vidonge bado nameza kama nilivyoagizwa. Kama nawe unafikiri kuanza, nenda kapimwe kwanza, kisha anza kwa kutembea. Wakati wa kaskazi toka mapema, maana joto huja upesi.

Juma lililopita nilimkuta yule mzee amesimama mlangoni na bakora yake, amevaa makubazi. Aliniambia kwamba naye amepimwa, naye ameambiwa kama nilivyoambiwa mimi. Tukatembea pamoja pole pole mpaka nyumba ya mwisho. Hapo akanitazama, akacheka, akasema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone. Haya, kimbia, mimi nitakungoja hapa.”