Kisu cha Mfukoni

Ndugu zetu wa Mtwara na Lindi mwajua kuwa sisi tukaao Newala, huku juu ya uwanda wa Makonde, hatutoki nyumbani bila ya kisu. Msimu wa korosho kuna mabibo ya kukata, kuna kamba za magunia. Na mwaka mzima kuna muhogo. Swali ni kisu gani.

Changu ni Okapi, kisu cha kukunja, nilichokinunua sokoni Masasi. Visu hivi vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika, nasi tukiwemo. Tangu 1988 vyatoka Afrika Kusini. Mpini wake ni wa mti, umetiwa mwezi na nyota za madini. Mwanafunzi wangu mmoja akaniuliza kama ni kisu cha Kiislamu. Nikamwambia, mwanangu, Mjerumani alikuwa akiuza, hakuwa akisilimisha.

Wengi hupenda vile ving'aavyo visivyoshika kutu. Changu hushika kutu, na maji ya bibo hukitia weusi. Lakini hunoleka upesi, na makali ndiyo niliyoyatafuta, maana hupiti muda ila naitwa: "Shekhe, tuchinjie kuku."

Katika Hadithi aliyoipokea Shaddad bin Aws, iliyomo katika Sahihi Muslim, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa wema umefaradhishwa katika kila jambo, hata kuchinja: mtu anoe kisu chake, ampumzishe mnyama wake. Basi niliitwa nyumba moja nikapewa kisu cha kumenyea vitunguu. Nikakijaribu juu ya ukucha, kikateleza. Mwenye nyumba akasema, "Shekhe, kuku tu huyo." Kuku tu! Kwani yeye haumii? Nikamrudishia kisu chake, nikaenda nyuma ya ukuta nikakinoa changu, kwani hakinolewi mbele ya macho ya mnyama. Watoto wa nyumba ile walinifuata wakitazama, wala sikuwafukuza.

Mbuzi simchinji nacho. Bapa lake ni fupi, na kisu cha kukunja, hata kikiwa na pete ya kukizuia, sikiamini kwa mnyama mwenye nguvu. Kwa mbuzi ninacho kirefu cha mhunzi, hukaa nyumbani. Hiki cha mfukoni nikishakitumia nakisafisha, nakikausha vyema kwa kitambaa, kisha nakipaka tone la mafuta ya nazi, yale mnayotuletea kutoka huko pwani.