Nakala Niliyoiamini

Walimu wenzangu waliozoea kunisoma katika kurasa hizi nikibishana juu ya ngeli na methali huenda wakastaajabu kwamba safari hii nawaletea habari za kompyuta. Mimi si fundi. Ni mwalimu wa Kiswahili hapa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, mwendo wa kilomita zaidi ya 70 kusini ya Bujumbura. Lakini jambo lililonifika lawahusu wote wakusanyao maneno ya watu na kuyaweka akiba, nami nimeona si haki kulinyamazia.

Burundi ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kikapata nafasi yake katika shule za msingi, nilianza kukusanya msamiati wa pwani hii. Nilikuwa nimechoka kuwafundisha watoto wa wavuvi maneno ya kitabuni, ilhali baba zao walikuwa na hazina ambayo hakuna kamusi iliyoipokea. Samaki wadogo waitwao dagaa huko Kigoma, sisi huwaita ndagala; na yule aitwaye mgebuka ng'ambo, kwetu ni mukeke. Chombo cha wavu mkubwa unaoteremshwa majini usiku chini ya taa huitwa apolo, na kila sehemu yake ina jina. Wavuvi wetu hawatoki usiku wa mbalamwezi, kwa kuwa mwezi ukiwaka taa hazivuti samaki tena. Basi hizo ndizo zilizokuwa siku zangu za kazi: wao wakishona nyavu, mimi nikikaa nao na kinasa sauti changu, na baadaye simu.

Katika sauti zote nilizozikusanya, niliyoithamini kuliko zote ilikuwa ya bibi mmoja muuza samaki. Alivuka ziwa kwa mtumbwi katika maafa ya mwaka 1972, akaishi Ulyankulu miaka mingi, kisha akarejea pamoja na wale waliorudi kutoka Tanzania kuanzia mwaka 2008. Kiswahili chake kilikuwa na tabaka tatu, kama udongo uliokatwa na mto: cha Rumonge ya zamani, cha makazi ya wakimbizi, na cha sokoni hivi leo. Alizungumza nami kwa saa moja na dakika arobaini. Mwaka uliofuata alifariki dunia.

Mwaka 2021 ziwa lilipanda, maji yakaingia katika nyumba nyingi za ufukweni. Lilipopanda tena mwaka 2024, niliogopa. Kompyuta yangu ni ya mezani, nzito, na diski yake ilikuwa karibu kujaa. Nikanunua flashi iliyoandikwa gigabaiti 64, nikashika folda yangu kwa kipanya na kuivuta hadi kwenye flashi, kama afanyavyo kila mtu. Mstari wa kijani ukatambaa hadi mwisho, ukatoweka bila lawama. Nikafungua faili mbili tatu za mwanzo, zikafunguka vizuri. Nikaridhika, nikafuta sauti zile kwenye kompyuta ili nipate nafasi, nikaenda kuiweka flashi kwa ndugu yangu aishiye mlimani.

Miezi michache baadaye nilihitaji sauti ya bibi kwa ajili ya somo. Jina la faili lilikuwapo, ukubwa wake ulikuwapo, tarehe ilikuwapo. Niliifungua, akaanza kuzungumza, na katika dakika ya kumi na moja, alipokuwa akitaja sehemu za mtumbwi, sauti ilikatika. Faili zilizoifuata hazikufunguka hata moja.

Nilimpelekea flashi ile kijana mmoja niliyemfundisha zamani, ambaye sasa ana duka la kupiga chapa na kutoa fotokopi. Akaiingiza katika programu iitwayo H2testw, iliyotungwa Ujerumani, ambayo hujaza flashi kwa data za majaribio, kisha huzisoma tena ili kuona kama zingali zile zile.

"Mwalimu," akaniambia baada ya muda mrefu, "hii si ya 64. Haifiki hata nane. Wameibadilisha ili idanganye. Ikishajaa, huendelea kupokea, lakini inachokipokea hukitupa."

"Mbona kompyuta haikuniambia?"

"Kompyuta iliuliza, 'Umepokea?' Flashi ikajibu, 'Nimepokea.' Hukuiambia irudi kusoma."

Tulijaribu kuzifufua faili zilizofutwa kwenye diski, lakini nilikwisha kuandika mambo mengine juu yake.

Maneno ya kijana yule yalinirudisha utotoni, kwenye msikiti wa mtaani kwetu, ambako nilimwona mzee akinakili dua kwa mkono. Alipomaliza hakusema amemaliza. Alimwita mwenzake ashike asili, naye akashika nakala. Mmoja akisoma kwa sauti, mwingine akifuata kwa kidole. Katika elimu ya Kiislamu kazi hiyo ina jina lake, mukabala, na waandishi wa zamani walitia alama pembezoni mwa ukurasa kuonyesha kulinganisha kulikofikia. Sisi wapenzi wa fasihi twajua jinsi tunavyowategemea wanakili. Muhamadi Kijuma wa Lamu aliandika kwa mkono wake nakala za tenzi ambazo zimehifadhiwa hadi leo huko London. Nami, mwenye kompyuta, nilifanya pungufu ya mzee wa msikitini: nilinakili bila mukabala, kisha nikaichoma asili.

Kuanzia hapo nikaanza kuchagua. Programu za kunakili faili ni nyingi, na wengi huzisifu kwa kasi. Mimi kasi sikuitaka. Nilikuwa na maswali mawili tu. Programu ikishindwa faili moja, hunieleza ni ipi? Na ikimaliza, hurudi kusoma ilichokiandika?

Ya kwanza niliyoijaribu ni Robocopy, nayo imo tayari ndani ya Windows tangu toleo la Vista la mwaka 2007, kwa hiyo hailipiwi wala haitafutwi. Haina madirisha wala vitufe. Huamrishwa kwa kuandika maneno, jambo ambalo halipaswi kumtisha mwalimu wa sarufi. Ukiipa alama ya /Z, umeme ukikatika katikati ya faili kubwa, nayo ikaamriwa upya, huendelea pale ilipofikia. Na hapa kwetu umeme hukatika. Huandika pia kumbukumbu ya kila faili iliyofaulu na iliyoshindwa. Lakini ina tabia ya ajabu. Ikikwama kwenye faili mbovu, na hukuipa mpaka, hujaribu tena mara milioni moja, ikipumzika sekunde thelathini kila mara. Niliacha kompyuta ikifanya kazi usiku, asubuhi nikaikuta ingali inabisha mlango ule ule. Nilipopiga hesabu niliona kwamba kwa faili ile moja ingebisha karibu mwaka mzima. Siku hizi huiambia ijaribu mara mbili tu, yaani /R:2, ingoje sekunde tano, yaani /W:5, kisha ipite.

Na kuna alama nyingine, /MIR, ambayo nawaonya wenzangu waiogope. Kazi yake ni kuifanya nakala iwe kioo cha asili, yaani kisichokuwapo katika asili hufutwa katika nakala. Nilizipanga folda mbili kinyume, ile tupu ikawa asili, na mitihani yangu ya muhula mmoja ikatoweka kwa kufumba na kufumbua. Kwa bahati nilikuwa nimeichapa kwenye karatasi. Atakaye kuijaribu atie kwanza alama ya /L, ambayo hutaja tu yatakayofanywa bila kuyafanya.

Upungufu wa Robocopy kwa haja yangu ni kwamba haifanyi mukabala. Inapoamua kama faili mbili ni moja, hutazama ukubwa na tarehe, na hivyo viwili ndivyo flashi yangu ilivyovihifadhi vizuri kabisa!

Kwa ajili hiyo nimeiongeza TeraCopy, ambayo kwa matumizi ya binafsi hutolewa bure. Hii, ukiiagiza, ikishanakili husoma upya nakala, ikafanya kwa asili na kwa nakala hesabu yenye kutoa namba ya utambulisho, kisha ikazilinganisha namba hizo. Hesabu iitwayo SHA-256 hutoa alama 64 kwa faili yoyote, iwe barua fupi au sauti ya saa mbili. Ukibadilisha koma moja, namba nzima hubadilika. Faili isiyolingana huonyeshwa kwa jina. Pamoja na hayo, huichomoa flashi na kuirudisha, kisha nikaamuru ulinganishaji ufanywe tena, kwa sababu kompyuta inaweza kukisoma kilichobaki katika kumbukumbu yake yenyewe badala ya kilichomo ndani ya flashi.

Wenzangu wanaotumia Linux hunisifia rsync, iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras huko Australia, ambayo hupeleka vipande vilivyobadilika tu, na ukitaka hulinganisha yaliyomo. Nimeiona ikifanya kazi, nami nakubali ni chombo kizuri, ila kwenye kompyuta yangu ya Windows ingehitaji matayarisho ambayo sikuwa na subira nayo.

Basi sasa Robocopy hunifanyia kazi ya kila wiki baina ya kompyuta na diski ya nje, na TeraCopy huifanya kazi ya ushahidi. Flashi mpya haipokei neno langu hata moja kabla ya kupimwa. Na sifuti asili hadi nakala mbili, zilizo katika nyumba mbili, zimesomwa.

Faili ya bibi iliangukia mpakani mwa flashi ile, ndiyo maana kipande chake cha mwanzo kilisalia. Nimeenda kwa wanawake wenzake wa sokoni kuwauliza sehemu za mtumbwi ambazo hakuwahi kunitajia, na kwa sehemu moja wamenipa majina mawili yanayogombana. Lake lilikuwa lipi, sijui. Dakika zake kumi na moja nimezinakili mara tatu: nyumbani, mlimani kwa ndugu yangu, na dukani kwa kijana wangu. Juzi tulizipima zote tatu, na alama 64 zikafanana.