Biskuti Zinapovishwa Nguo

Ndugu msomaji, zipo kazi za nyumbani ambazo watu huziheshimu bila kuulizana, kama vile kupika pilau la harusi au kushona nguo za sikukuu. Zipo na nyingine ambazo, hata zikichosha mgongo na macho, watu huziita mchezo. Miongoni mwa hizo za pili ni kazi ya kupamba biskuti. Nimewasikia wazee wenzangu barazani wakisema kwamba biskuti hufika tumboni ile ile, ikiwa imepambwa au haikupambwa. Maneno hayo ni ya kweli, ila ni kweli nusu. Hata marekani tupu ingetosha kuusitiri mwili. Mbona basi mama zetu hununua kanga zenye pindo na maua, tena huchagua duka zima kabla ya kuridhika?

Nayasema haya kwa kuwa nimekula jasho la pindo na maua miaka 31. Nilikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha nguo, idara ya kupiga chapa, nikazitunza zile rola zinazotia rangi kitambaa. Sasa nimestaafu. Katika nyumba yangu ya Temeke tunaishi mimi na mke wangu, mama yangu mzazi, dada yangu mkubwa aliyefiwa na mumewe, na binti yake ambaye ni mpwa wangu. Huyo mpwa ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Binti huyu alimaliza kidato cha nne, na matokeo yake hayakumwezesha kuendelea. Akakaa nyumbani miezi mingi, akisaidia kazi, macho yake yakiwa chini. Kisha akajifunza kwa jirani yetu mmoja kuoka biskuti za siagi na kuzifunika kwa sukari iliyokandwa ikasukumwa kama chapati, ambayo wenye kazi hiyo huiita fondanti. Shemeji yangu wa Tanga, ndugu wa marehemu baba yake, alipopata habari alikuja kikao. Akasema mtoto wa ndugu yake hawezi kukaa mjini akicheza na sukari. Heri aende Tanga akauze dukani kwake. Mama yake hakutaka. Tukaafikiana hivi: binti alikuwa amepata kazi ya biskuti 150 za harusi, mwezi wa Aprili. Akiimaliza kwa heshima, atabaki na kuweka akiba ya ada ya chuo cha ufundi. Ikimshinda, atafunga mizigo.

Kabla sijakueleza yaliyotokea, niruhusu niseme kwamba pambo la sukari si jambo la jana. Nasir Khusraw, msafiri wa Kiajemi aliyefika Kairo mwaka 1047, aliandika kuhusu karamu ya sultani ya Idi baada ya Ramadhani. Aliona pale mti mfano wa mchungwa, matawi na majani yake yote yakiwa ya sukari, pamoja na sanamu maelfu za sukari hiyo hiyo. Huko Uingereza, kitabu cha siri za mafundi kilichotafsiriwa mwaka 1558 kiliwafundisha watu kukanda sukari na gundi ya mti ili wafinyange matunda ya sukari na hata sahani. Siku hizo sukari ilikuwa mali ya wakubwa. Kwetu nako ina historia yake nzito: mashamba ya miwa ya Pangani katika karne ya 19 yalilimwa kwa jasho la watumwa. Leo sukari hutoka Kilombero, Mtibwa, Kagera na kule Arusha Chini karibu na Moshi, nayo ni jasho la wafanyakazi kama wewe na mimi. Mwanzoni mwa mwaka 2024, mvua za El Nino zilipozuia uvunaji wa miwa, sote tuliona jinsi bei ilivyopanda madukani. Kwa hiyo anayeshika sukari ashike kwa adabu. Hicho si kitu cha kuchezea.

Sasa tazama kazi yenyewe. Kwa biskuti 30, mpwa wangu hupima siagi gramu 225, sukari gramu 200, yai 1, kijiko cha vanila, chumvi kidogo, na unga wa ngano kama gramu 400. Hamira ya unga haitii kabisa. Nilipomwuliza sababu, alinijibu, “Mjomba, biskuti ikiumuka hupoteza umbo, nikikata nyota nitatoa mawingu.” Donge hulisukuma, hukata maumbo, kisha huyaacha yapoe vizuri kabla ya kuyaoka, ili siagi iliyoganda isitawanyike upesi motoni. Kwa joto la nyuzi 180 huchukua dakika 10 hadi 12, mpaka kingo zianze kupata rangi.

Vazi lake nalo lina kanuni zake. Hulowesha kijiko kikubwa 1 cha jelatini katika robo kikombe ya maji, huipasha moto polepole hadi iyeyuke, akatia nusu kikombe ya maji mazito ya glukosi, kijiko 1 cha gliserini ya kuliwa na vijiko 2 vya mafuta ya kupikia yaliyoganda. Mchanganyiko huo huumimina katikati ya gramu 900 za sukari laini iliyochekechwa, akakanda mpaka donge liwe nyororo kama sikio la mtoto. Kila kitu kina kazi yake. Glukosi huizuia sukari isirudi kuwa chembe, gliserini hushika unyevu ili donge lisikauke na kupasuka, na jelatini hulipa uvutano. Wateja wengi Waislamu huuliza jelatini imetokana na mnyama gani, nao wana haki. Yeye hununua ile yenye alama ya halali na huhifadhi pakiti ili aionyeshe.

Hapo ndipo ufundi wangu wa zamani ulipopata kazi. Niliona donge likisukumwa likawa nene huku na jembamba kule, jambo ambalo kiwandani tusingelivumilia. Nikachonga fito mbili za mbao zenye unene wa milimita 6 kwa ajili ya biskuti, na nyingine mbili za milimita 3 kwa ajili ya fondanti. Ukiziweka fito kandoni mwa donge, mti wa kusukumia chapati hutembea juu yake, na unene huwa mmoja. Fondanti hukatwa kwa kikatio kile kile kilichokata biskuti, kisha hubandikwa kwa maji kidogo yaliyopakwa kwa brashi. Alama za maua hugandamizwa kwa kifuniko cha kalamu, kitana kipya au kishikizo cha shati. Biskuti za harusi ile alizipamba mfano wa kanga: pindo kandoni, korosho katikati. Niliposimama nikaitazama trei ya kwanza, nilikumbuka kitambaa kikitoka kwenye mtambo, na sikuweza kusema neno.

Wiki ya harusi ilikuwa ya masika, na sukari hupenda maji kama mtoto apendavyo mama. Jumanne mvua ilishuka usiku kucha. Jumatano umeme ulikatika. Biskuti chache za majaribio alizokwisha kuzivisha zilianza kung'aa, kisha zikatoka jasho, na rangi nyekundu ikaingia katika nyeupe. Kuziweka katika friji ya jirani mwenye jenereta kusingefaa, kwani kitu kilichotoka katika baridi huvuta matone ya maji mara kikutanapo na hewa ya joto. Dada yangu alikaa jikoni ameshika tama. Hapana aliyeitaja Tanga, lakini sote tuliisikia.

Mpwa wangu hakulia. Alikaa na daftari lake, akapanga upya. Biskuti zote alizioka siku ile ile katika oveni yetu ya mkaa, akazifungia katika mikebe mikavu bila kuzivisha. Donge jipya la fondanti alilipunguzia gliserini, ili lishike unyevu kidogo zaidi ya lile la kwanza. Rangi za maji aliziacha, akatumia zile nzito kama uji, kwani tone moja lake hutosha. Mimi nikazipunguza fito kwa randa hadi milimita 2, kwa maana vazi jembamba hukauka mapema. Kazi ya kuvisha aliisogeza hadi Alhamisi alasiri na Ijumaa. Kila trei iliyokamilika tuliiingiza katika oveni iliyokwisha kuondolewa makaa yote, ikiwa imebaki na vuguvugu ya kiganja tu, mlango umeachwa wazi kidogo. Tulipokezana mpaka alfajiri, hata mke wangu ambaye hapendi kukesha. Jumamosi asubuhi ganda la juu lilikuwa kavu, lisilonata kidoleni. Alikuwa ameoka 165 kwa kuhofia ajali; 11 zikavunjika wakati wa kufunga, 150 zikaenda harusini, na 4 zikabaki mezani petu.

Ndugu msomaji, usidhani kwamba hapo tulikuwa tumetajirika. Hesabu ninayo, nami nitakuwekea wazi, kwani sifa bila hesabu ni kelele. Biskuti 150 kwa shilingi 1,500 zilileta shilingi 225,000. Unga, siagi, mayai, sukari na vanila vilikula 45,000. Sukari laini na vikorombwezo vyake pamoja na rangi vilikula 60,000, mkaa 8,000, mifuko na utepe 22,000. Yote ni 135,000. Zikabaki shilingi 90,000. Mpwa wangu alifanya kazi saa 45 katika siku zile, kwa hiyo kila saa yake ilipata shilingi 2,000, tena sisi tuliomsaidia hatukujilipa kitu. Ada ya chuo ilikuwa bado mbali. Hata hivyo, nilipolifungua daftari hilo mbele ya shemeji yangu wa Tanga, alilisoma mara mbili. Akauliza, “Hizi saa umeziandika wewe, shemeji?” Nikamwambia kwamba binti ndiye aliyeziandika. Akalifunga. Hakusema kwamba ameridhika. Alisema tu kwamba tungojee mpaka mwisho wa mwaka. Kwetu sisi, hilo lilitosha.

Limebaki jambo moja ambalo nisingependa kulificha chini ya zulia la maua. Mama yangu ana kisukari. Siku moja niliweka biskuti iliyovishwa vazi la milimita 3 kwenye mizani ya jikoni. Vazi peke yake lilikuwa gramu 16, karibu lote sukari, na ndani ya biskuti yenyewe zilikuwamo kama gramu 7 nyingine. Shirika la Afya Duniani, katika ushauri wake wa mwaka 2015, lilisema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tuipatayo katika chakula cha siku, na kwamba kuna faida zaidi ikishuka chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25 au vijiko 6 vya chai kwa mtu mzima. Biskuti moja tu inakaribia kuimaliza haki ya siku nzima! Basi je, ni halali kwa nyumba yenye mgonjwa kuishi kwa kazi ya sukari?

Swali hilo mpwa wangu alilipeleka kwa bibi yake mwenyewe, wala hakulizunguka. Zile biskuti 4 zilizobaki alimwonyesha sinia. Mama akachukua moja, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole juu ya pindo. “Mjukuu wangu,” akasema, “mimi hii nimekwisha kuila kwa macho. Wape watoto, mmoja mmoja, siku ya siku.” Tangu hapo ndivyo tufanyavyo. Biskuti za mapambo hazikai kwenye mkebe wa kila siku. Zina siku zake, kama nguo ya Idi. Mteja akitaka za watoto wadogo, mpwa wangu hushauri zikatwe ndogo, na vazi liwe ua moja katikati badala ya kufunika uso mzima. Mapato hupungua kidogo, lakini hulala usingizi.

Kwa hiyo, ewe mzazi usomaye ukurasa huu, nakuomba mambo mawili tu. Kwanza, kijana wako akishika kazi ya mkono usiyoielewa, usiipe jina kabla hujaipima. Keti naye, uliza kwa nini hiki kinatangulia na kile kinafuata. Kama ni mchezo hatakuwa na majibu, na kama ni ufundi utastaajabu. Haidhuru awe binti au mvulana, kwani oveni haina jinsia. Pili, mnunulie daftari. Aandike alichonunua, alichouza, na zaidi ya yote aandike saa zake, kwa maana jasho lisiloandikwa huonekana kama halikutoka. Daftari la mpwa wangu sasa limefika ukurasa wa 38. Wiki hii ameandika humo agizo la biskuti 60 za ubarikio, na pembeni, kwa wino mwekundu, kiasi cha ada kilichobaki.