Ganda la Risasi Lisiporudi Kimo Chake

Huko Texas aishiko shemeji yangu, wawindaji huokota maganda ya risasi walizofyatua wakayajaza tena nyumbani. Risasi ikilia, ganda hutanuka. Hivyo basi hubanwa ndani ya kalibu lirudie kimo chake. Mtu akilipaka mafuta kidogo mno, linakwama humo. Akizidisha, bega linabonyea, na kibonyeo kidogo hakidhuru. Lililonitia hofu mimi ni shaba yenyewe: ikibanwa mara nyingi hukakamaa, shingo ikapasuka. Shemeji huipasha moto shingo peke yake, kwani kitako kikilainika hakihimili mlipuko, nayo bunduki i shavuni! Ukiona mstari unaong'aa juu kidogo ya kitako, ganda limekonda kwa ndani, karibu likatike. Liponde kwa koleo, asije mwingine akaliokota.